Kubadilisha prosesa ya laptopu: jua kwanza kinachoichelewesha

Swali: “Habari za kazi, mtaalamu. Nina laptopu aina ya ThinkPad T440p, niliinunua ikiwa imeshatumika. Ina prosesa ya Core i5-4300M, RAM ya GB 4 na diski ya kawaida ya GB 500. Inachukua muda mrefu sana kuwaka, na nikifungua kivinjari pamoja na faili la Excel inaganda. Nataka niiwekee prosesa ya i7. Fundi mmoja ameniambia prosesa ya laptopu haibadilishwi, ila nimeona video za watu wakiibadilisha. Sijawahi kufungua kompyuta hata mara moja. Nimwamini nani, na nianzie wapi?”

Nakushukuru kwa kutaja modeli na namba kamili ya prosesa. Wengi huniandikia “laptopu yangu ni i5” basi, na kwa maelezo hayo huwezi kumshauri mtu lolote la maana, kwa sababu zipo i5 zinazotoka kwa bisibisi na i5 ambazo hazitoki mpaka kwa mashine ya joto ya karakana.

Fundi wako hakukudanganya. Kwa laptopu nyingi zilizopo mikononi mwa watu leo, prosesa haibadilishwi. Ila ya kwako ni miongoni mwa chache zinazokubali. Kwa hiyo kubadilisha unaweza. Lakini kwa dalili ulizozieleza, prosesa siyo inayokuchelewesha, na ukiibadilisha leo ukaacha vingine vilivyo, kesho utaiwasha laptopu na itachukua muda uleule kuwaka. Anza na diski na RAM. Ukimaliza hapo, ukaona bado kazi zako zinaielemea, ndipo urudi kwenye prosesa, na nitakueleza namna ya kufanya.

Nianze na ugomvi wa fundi na video. Prosesa hufungwa kwenye ubaomama (motherboard, ubao mkuu wa kompyuta) kwa njia mbili. Ya kwanza ni soketi: chini ya prosesa kuna mamia ya pini nyembamba zinazoingia kwenye matundu, kisha zinabanwa kwa skrubu moja. Ya pili ni kuchomelewa moja kwa moja kwenye ubao kwa vijitone vya risasi ya kulehemia, na aina hii huitwa BGA. Intel waliendelea kutoa prosesa za laptopu zenye pini kwa miaka mingi: Core 2 Duo nyingi zilikuwa hivyo, kizazi cha kwanza cha Core i kikaja na soketi ya G1, cha pili na cha tatu vikatumia G2, na cha nne, kilichotoka 2013, kikapata G3. Hapo safari ikaishia. Kuanzia kizazi cha tano, prosesa za Intel za laptopu huja zimechomelewa. AMD nao walipita njia hiyohiyo. Soketi yao ya FS1 na ndugu yake FS1r2 ziliishia na prosesa za mwaka 2013 hivi. Sababu kubwa ni wembamba: soketi inaongeza kimo, na watengenezaji walikuwa wakigombea kila milimita. Zipo laptopu chache nzito zinazobeba prosesa za kompyuta za mezani, na hizo zina soketi, lakini ukiwa na moja ya hizo utajua kwa uzito wake tu.

Usikimbilie kuhukumu kwa kizazi peke yake, maana hata ndani ya kizazi cha nne kuna mchanganyiko. Tazama herufi za mwisho wa namba. Yako inaishia na M, na katika kizazi hicho M, MQ na MX ni za pini. HQ na U zimechomelewa. Ndiyo maana T440s, ambayo kwa jina unaweza kudhani ni pacha wa laptopu yako, haibadilishwi prosesa hata kidogo: ndani yake kuna prosesa za U. Katika kizazi cha tatu herufi hazitoshi hata kidogo, kwa sababu prosesa kama i5-3210M ilitolewa kwa sura zote mbili, ya pini na ya kuchomelewa, kwa namba ileile. Njia ya uhakika ni kupakua programu ya bure iitwayo CPU-Z, kuifungua, na kusoma mstari ulioandikwa Package. Ukiona rPGA, ni pini. Ukiona BGA, usiguse. Zipo karakana zenye vifaa vya kung’oa chipu iliyochomelewa na kurudisha nyingine, lakini hiyo ni kazi ya kuokoa ubao ulioharibika. Mtu anayetaka kasi kidogo tu asimwache mtu yeyote apulizie ubao mzima joto la kuyeyusha risasi.

Sasa turudi kwenye kinachokuumiza. Leo hii, kabla hujanunua chochote, washa laptopu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, nenda kwenye ukurasa wa Performance, kisha fungua kivinjari na Excel kama unavyofanya siku zote. Usiangalie kingine ila mistari mitatu: CPU, Memory na Disk. Nina hakika kubwa utakuta Disk imekwama kwenye asilimia 100, Memory iko juu ya 85, na CPU inapanda ghafla kisha inashuka na kukaa chini. Prosesa iliyoshuka hivyo wakati wewe unasubiri haijachoka. Nayo inasubiri.

Inasubiri nini? Diski ya kuzunguka ya laptopu kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Ukipiga hesabu, mzunguko mmoja ni milisekunde 11 na kidogo, kwa hiyo kwa wastani data unayoitaka itafika chini ya kichwa cha kusomea baada ya nusu ya hizo, yaani 5.6. Kabla ya hapo kichwa chenyewe lazima kihame kutoka kilipo hadi kwenye mstari wa data hiyo, na hapo unaongeza milisekunde nyingine kama kumi. Maana yake diski hiyo inaweza kufuata vipande vya data vilivyotawanyika mara sitini na kitu hivi tu kwa sekunde. Na Windows inapowaka inaomba maelfu ya vipande vidogovidogo vilivyotawanyika. Prosesa yako, inayokwenda kwa gigahezi 2.6, hupitisha mizunguko milioni 26 katika milisekunde 10 tu za kungoja kipande kimoja. Ukiweka i7, utakuwa umeweka prosesa yenye uwezo mkubwa zaidi wa kungoja.

SSD, diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina kitu kinachozunguka. Kipande kilekile inakifikia kwa sehemu ya kumi ya milisekunde au chini yake, na kwa data iliyopangika SSD ya SATA (muunganisho uleule wa diski yako) husoma hadi megabaiti 550 hivi kwa sekunde, mahali ambapo diski ya zamani hufika mia moja hivi. T440p inapokea SSD ya kawaida ya inchi 2.5 mahali palepale ilipo diski yako, yenye unene wa milimita 7. Usiuziwe ile ndogo ya M.2 ya NVMe, yenye umbo la kijiti chembamba, ukidhani ni bora zaidi. Laptopu hii ina nafasi fupi ya M.2 ya ukubwa wa 2242, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya SSD ndefu za 2280 zilizojaa sokoni.

RAM nayo ina habari yake. GB 4 kwa Windows ya leo ni kidogo mno. Ikijaa, Windows huanza kuhamishia sehemu ya kazi zako kwenye diski, na kama diski ni ya kuzunguka ndipo unapoona kuganda: umebonyeza tabo nyingine, dirisha likawa jeupe, mshale ukawa duara. Laptopu yako ina nafasi mbili za RAM na inafika GB 16. Aina yake ni DDR3L ya laptopu, yenye pini 204 na umeme wa volti 1.35. Hiyo L ni ya lazima. RAM ya DDR3 ya zamani ya volti 1.5 inaingia kwenye nafasi hiyo bila kubisha, kwa kuwa umbo ni moja, lakini kizazi cha nne cha prosesa za laptopu kinataka ya 1.35, na matokeo ni laptopu isiyowaka au inayozimika hovyo. Mbili za GB 4, au mbili za GB 8 kama mfuko unaruhusu. Mbili ni bora kuliko moja ya ukubwa huohuo, kwa sababu prosesa huzisoma zote kwa pamoja, na sehemu ya picha (graphics) ya Intel iliyo ndani ya prosesa hutegemea RAM hiyohiyo.

Kazi hii ya diski na RAM ndiyo mazoezi yako ya kwanza, na ni ya mwanafunzi hasa. Kifuniko cha chini cha T440p kinashikwa na skrubu mbili. Unazilegeza, unakisukuma, kinatoka. Diski na RAM unaviona papo hapo. Toa betri kwanza, chomoa chaji, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi au zaidi ili umeme uliobaki uishe. Ukiweza kufanya hivi mikono isitetemeke, utakuwa umeshajua kama moyo wako unakuruhusu kwenda hadi kwenye prosesa.

Tumia laptopu katika hali hiyo kwa wiki kadhaa. Kisha rudia kipimo cha Task Manager ukiwa katika kazi yako halisi.

Kama CPU sasa inakaa karibu na asilimia 100 kwa dakika nyingi mfululizo, si kwa sekunde mbili za kufungua programu, basi prosesa ndiyo iliyobanwa, na swali lako la i7 linapata maana. Kazi zinazofanya hivyo zinajulikana: kuhariri na kutoa video, kubana mafaili makubwa, kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), kukompaili programu. Excel yenye mafomula maelfu kwa maelfu inaweza kuingia humo pia. Kivinjari, kuandika na kutazama video si kazi hizo.

Na hapa ndipo naomba usome taratibu, kwa kuwa jina “i7” limewapotosha watu wengi. Katika kizazi chako kuna i7 yenye viini (cores, sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja peke yake) viwili tu, i7-4600M. Ukiiweka hiyo umebadilisha i5 ya viini viwili kwa i7 ya viini viwili, na faida yake ni kasi ndogo isiyoonekana kwa macho. Unachokitafuta ni viini vinne, na alama yake ni herufi MQ. Chukua i7-4702MQ. Ina viini 4 badala ya 2, inashughulikia nyuzi 8 za kazi kwa wakati mmoja badala ya 4, na kashe yake, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ni MB 6 badala ya 3. Lakini kasi yake ya juu kabisa ni gigahezi 3.2, wakati i5 yako inafika 3.3. Yaani kazi inayotumia kiini kimoja tu, na kazi nyingi za kila siku ziko hivyo, haitakwenda kwa kasi zaidi hata chembe. Sehemu ya picha pia ni ileile, Intel HD 4600 katika zote mbili, kwa hiyo mtu anayefikiria michezo asitegemee kitu. Kutoa video kunaweza kukaribia nusu ya muda wa awali. Kufungua Word kutabaki vilevile.

Jambo lingine ambalo prosesa hii haitakupa ni Windows 11. Orodha rasmi ya Microsoft kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, isipokuwa modeli chache mno, na hakuna prosesa ya kizazi cha nane inayoingia kwenye soketi yako. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025. Ukitaka kuendelea na laptopu hii kwa usalama kwa miaka, fikiria Linux, ambayo T440p inaipokea vizuri sana. Nakueleza hili kabla hujatoa pesa, kwa sababu nimeona watu wakinunua prosesa wakiamini ndiyo iliyowazuia kupata Windows mpya.

Kwa wasomaji wenye laptopu nyingine za soketi: prosesa kuingia kwenye matundu si sawa na prosesa kukubaliwa. Kizazi cha pili na cha tatu vinatumia soketi moja, G2, lakini laptopu nyingi zilizotoka na kizazi cha pili haziwaki na cha tatu kwa kuwa BIOS yake, programu ya ubao inayoiwasha laptopu, haikifahamu. Pia kuna chipseti, ile chipu inayoongoza mawasiliano ya ubao. Iliyoumiza watu zaidi ni HM70, iliyowekwa kwenye laptopu za bei nafuu zenye Celeron na Pentium. Ukiweka Core i3, i5 au i7 kwenye ubao wa HM70, laptopu inawaka, Windows inafunguka, unafurahi, kisha baada ya dakika 30 inajizima yenyewe. Ukiiwasha tena, dakika 30 nyingine. Hakuna kuharibika hapo. Intel ndio walioifunga iwe hivyo. Kwa hiyo msomaji mwenye laptopu ya namna hiyo atazame jina la chipseti ndani ya CPU-Z, kwenye ukurasa wa Mainboard, kabla ya lolote. Wewe huna wasiwasi huo: T440p ina QM87, na Lenovo wenyewe waliuza modeli hii ikiwa na i7 za viini vinne.

Kingine ni joto na umeme. Kila prosesa ina kiwango cha wati ambacho mfumo wa kupoza umeandaliwa kukibeba. i5-4300M ni wati 37. i7-4702MQ nayo ni wati 37, na ndiyo sababu nimeichagua badala ya i7-4700MQ, ambayo ina kasi zaidi kidogo lakini ni wati 47. Video nyingi zitakushawishi uchukue hiyo ya 47, na inafanya kazi kweli, ila feni itakuwa inapiga kelele muda wote na joto likipanda prosesa hujipunguza kasi yenyewe. Wati kumi zinazoishia kwenye kelele hazina faida kwako. Tazama pia chaji yako: kama ni ya wati 65, tafuta ya 90. Viini vinne vikifanya kazi kwa nguvu huku betri ikichajiwa, chaji ndogo itaelemewa.

Prosesa yenyewe utaipata ikiwa imetumika, maana mpya za miaka hiyo hazitengenezwi tena. Hilo si tatizo. Prosesa ni moja ya vitu vinavyodumu sana katika kompyuta. Omba picha ya juu na ya chini. Chini, angalia pini kwa mshazari: safu zikae zimenyooka, na moja iliyolala utaiona kwa sababu inavunja mstari. Juu, katikati, kuna kipande cheusi kinachong’aa, ndicho silikoni yenyewe. Prosesa za laptopu hazina kifuniko cha chuma kama za mezani, kwa hiyo kona za kipande hicho zikiwa zimemeguka, achana nayo. Na ukisoma maandishi INTEL CONFIDENTIAL, achana nayo pia hata ikiwa ni rahisi: hizo ni sampuli za majaribio, na BIOS ya kawaida inaweza isizitambue.

Siku ya kazi, mambo matatu yafanyike kabla ya bisibisi. Nakili mafaili yako mahali pengine. Sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani, chaji ikiwa imechomekwa na betri ikiwa na chaji ya kutosha. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa siri wa Windows, isimamishe kwanza na uwe na ufunguo wake wa dharura, la sivyo laptopu inaweza kukudai ufunguo huo ikiwaka. Kisha pakua mwongozo wa matengenezo wa T440p kutoka Lenovo. Ni bure, una picha za kila skrubu na mpangilio wa kufungua, na unazidi video yoyote.

Iache laptopu ifanye kazi dakika chache ili pasti ya joto, ile iliyo kati ya prosesa na bamba la kupozea, ilainike, izime, toa chaji na betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kama nilivyosema. Fanyia kazi kwenye meza, si kwenye zulia, na uguse chuma kilichoungana na ardhi ili kuondoa umeme tuli mwilini. Safari hii kifuniko kidogo hakitoshi, fremu yote ya chini inatoka, na skrubu zake si za urefu mmoja. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi, toboa mahali pa kila skrubu na uichomeke hapohapo. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la skrubu fupi inaweza kutoboa ubao, na huo ndio uharibifu wa wanafunzi ninaouona mara nyingi kuliko hata pini kupinda.

Utaona feni na bomba la shaba lililolala hadi kwenye bamba lililofunika prosesa. Karibu na skrubu za bamba hilo mara nyingi kuna namba zimegongwa kwenye chuma. Fungua kwa kurudi nyuma, kutoka namba kubwa kwenda ndogo, kila moja kidogokidogo, usiitoe moja yote kabla ya nyingine. Chomoa waya wa feni kwa kushika plagi yake, usivute waya. Bamba likigoma, lizungushe kidogo kulia na kushoto likiwa palepale. Usilinyanyue kwa nguvu.

Sasa prosesa iko wazi. Pembeni mwa soketi kuna skrubu moja pana yenye mfereji, na alama ndogo mbili za kufuli, moja wazi na moja imefungwa. Kwa bisibisi bapa, izungushe nusu mzunguko kuelekea kufuli lililo wazi. Utasikia inalegea. Tazama kabla hujanyanyua: kwenye kona moja ya prosesa kuna pembetatu ndogo, na kwenye soketi kuna alama inayolingana nayo. Nyanyua prosesa wima kwa kushika kingo, bila kuinamisha. Mpya iweke pembetatu kwa pembetatu, iachie. Inatakiwa ishuke yenyewe kwa uzito wake hadi ikae bapa. Isiposhuka, usiibonyeze hata kwa kidole kimoja. Inyanyue, angalia upande na pini, jaribu tena. Ikishakaa, rudisha skrubu nusu mzunguko kwenye kufuli lililofungwa.

Pasti ya zamani ifute yote, kwenye bamba, na kwenye prosesa kama ina mabaki, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ikauke. Weka pasti mpya kiasi cha punje ya mchele juu ya silikoni, na kwa kuwa haina kifuniko, isambaze iwe utando mwembamba unaofika kila kona. Tumia pasti ya kawaida isiyopitisha umeme. Ile inayoitwa metali ya majimaji usiiguse kwa sasa: ina galiamu, inapitisha umeme, na inakula alumini. Rudisha bamba, kaza skrubu kwa mpangilio wa namba, 1 kwenda mbele, kila moja kidogo kisha urudie, mpaka zigome zenyewe. Hapa ndipo silikoni isiyo na kifuniko inapovunjika kona, mtu akikaza upande mmoja mpaka mwisho wakati mwingine ukiwa bado hewani. Rudisha waya wa feni. ThinkPad ikikosa feni itaandika “Fan error” na kuzima.

Ukiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa muda mrefu kuliko kawaida huku ubao ukijitambulisha kwa prosesa mpya. Ipe dakika mbili tatu. Kama hakuna kitu, zima, toa betri, na uanze na kitu rahisi: toa RAM na uirudishe mpaka ibane, kisha jaribu na RAM moja tu. Bado? Rudisha i5 yako ya zamani. Ikiwaka nayo, ubao ni mzima na tatizo liko kwenye prosesa uliyonunua au kwenye BIOS. Ndiyo maana nakuomba usiiuze i5 hiyo kabla kazi haijatulia. Iweke kwenye kisanduku chake, pini zisiguse kitu.

Ikiwaka, ingia BIOS ukahakikishe jina la i7-4702MQ linasomeka na RAM yote ipo. Windows kwa kawaida haitakudai leseni upya, kwa kuwa leseni ya kidijitali hushikamana zaidi na ubaomama. Kisha fungua programu ya HWiNFO uone joto, na uipe prosesa kazi nzito kwa nusu saa: toa video, au endesha Cinebench, programu ya kupima prosesa, kwa kurudiarudia. Mwisho wa prosesa hii ni nyuzijoto 100. Ikikaa kwenye themanini na kitu ikiwa na kazi nzito, umefanya vizuri. Ikigonga 95 na zaidi ndani ya dakika moja, na kasi ikashuka chini ya gigahezi 2.2, bamba halijakaa sawa au pasti haijafika kona zote. Fungua, futa, upake upya. Usiendelee kuitumia hivyo kwa kutumaini itazoea.

Nikirudi kwenye hali yako ya leo: fanya kipimo cha Task Manager, uninukulie namba tatu, CPU, Memory na Disk, pamoja na maandishi yaliyo kwenye kibandiko cha RAM yako ya sasa, hasa sehemu inayoanza na PC3 (DDR3 ya zamani) au PC3L (ndiyo DDR3L). Kama ni PC3L ya GB 4, utahitaji kununua moja tu ya kufanana nayo, na pesa iliyobaki uipeleke yote kwenye SSD kubwa zaidi.